New Look, Gramu Zimehepa

Kabla uendelee, fungua kabati ya keja, toa paketi yoyote yenye imeandikwa NEW LOOK na rangi za kuwaka. Biskuti, sabuni, majani, chochote. Haya, geuza. Tafuta ile namba imejibanza kwa kona karibu na barcode, ile inabidi uisongeshe hadi kwa bulb ndo usome. Hiyo ndo gramu. Sasa jiulize: mwaka jana ilikuwa hiyo hiyo?

Haikuwa. Na ulijua. Ulikuwa tu unajifanya.

Sheria ya kwanza ya kitaa: paketi ikipiga luku mpya, kuna msee amelipia hiyo luku, na si mwenye kampuni. Mimi nikiona New Look kwa shelf nashikanga mfuko. Rangi imeongezwa, logo imepigwa shadow, ule simba wa kwa paketi ametoka gym na six-pack, na ndani kumebaki hewa. Hewa ghali kuliko ya Karen.

Na usinianzie na crisps. Najua, hiyo hewa ni nitrojeni, inajazwa ndo crisps zisivunjike na zisichache. Sayansi nimesoma. Lakini nitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa yenye unavutanga bure hapo stage ya Umo, na sijawahi skia makanga akiitisha mtu mbao ya kupumua.

Mathe ana theory yake. Ukimwambia biskuti zimekuwa ndogo anakuangalia na huruma, anasema, "Si biskuti imepungua, ni wewe umekua." Umekua! Mimi nimekua tangu January? Vidole ni vile vile, kikombe ni kile kile, na biskuti inazama kwa chai kabla useme ngoja. Mbuyu naye ana ile story ya mandazi ya 1987, yenye watu wanne walikuwa wanakula na inabaki. Kila Krisi hiyo mandazi inaongezwa size. Mara ya mwisho imefika watu sita na mbwa. Yaani kitu pekee kinakua hii Kenya ni mandazi ya mbuyu, na ilishaliwa.

Wachana nao. Skiza venye game inachezwa.

Kichwa yako inashika bei, haishikangi uzito. Nikikuuliza mkate mdogo ni pesa ngapi, unajibu ukiwa usingizini. Nikikuuliza una gramu ngapi, unaanza kukuna shingo. (Ni 400. Usiseme ulikuwa unajua.) Colgate yako je? Kipande ya sabuni? Unaona. Wenye paketi walishagundua kitambo: ukiongeza bei finje, mtaa mzima unapiga nduru. Ukitoa gramu finje, mtaa mzima unasema asante, weka kwa khaki.

Chukua maziwa. Paketi ya nusu lita, yenye tumekua tukiitisha bila kufikiria, siku hizi iko na kabrother kake ka 450ml, wamesimama pamoja kwa fridge ya duka. Urefu karibu same, rangi same, ng'ombe ni yule yule anasmile. Ukiishika ndo unaskia kiuno imeingia. Tuseme zote mbili ni 60. Wewe unaona 60 ni 60. Lakini piga hesabu: kupata nusu lita kamili kwa hiyo bei mpya, ungelipa karibu 67. Wamekata asilimia 10 ya maziwa, na wewe umeongezewa bei asilimia 11 na kitu. Sasa imagine shopkeeper angebandika karatasi, MAZIWA SASA NI 67. Kungekuwa na hashtag kabla ya lunch. Badala yake ulibeba 450ml, ukaenda keja, ukapika chai, ukaona ni nyeusi kidogo, ukasema labda ni majani imekuwa kali.

Majani haijawa kali, buda.

Lakini si ati kila kampuni ni mwizi, hiyo ni story za jaba. Vitu zilikuwa zimechemka. Vita ya Ukraine ilianza February 2022, ngano na mafuta ya alizeti zikakwama huko. April mwaka huo Indonesia, wenye mafuta ya mawese mob kuliko mtu yeyote duniani, walifunga export kwa wiki kadhaa, na ile salad yako ya kupima ikaanza kutembea na bodyguard. Halafu shilingi nayo ikalewa: January 2024 dola moja ilikuwa imegonga kama 160. Kampuni inaagiza vitu na dola, inalia, inaangalia wewe mwenye umesota, inajua bei ikiongezwa utahepa. So inachukua wembe, inakata gramu. Hadi hapo tunaelewana.

Shida ni hii. Mwaka huo huo wa 2024 shilingi ilirudi, ikakaa kama 130 hivi kwa dola. Mafuta ya mawese pia yalikuwa yameshateremka kutoka ile peak. Kila mtu alirudi nyumbani isipokuwa gramu. Sijaona paketi hata moja imeandikwa NEW LOOK, TUMEWARUDISHIA ZILE 50ml, POLENI. Ikipungua inapungua kimya, na ikifaa kurudi, hakuna mtu anajua ilienda wapi.

Na ona vile tuko selective. Finance Bill ya 2024 ilikuwa inataka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Waziwazi, imeandikwa, na ukurasa. Kizazi yetu ikasoma hiyo makaratasi yote, ikaitafsiri, ikaipeleka TikTok, na kufika 18 June wabunge walikuwa washatoa hiyo ya mkate. Bill yenyewe ikaangushwa baada ya maandamano ya 25 June, ile siku yenye hakuna mtu wa rika letu atasahau, ju kuna wasee hawakurudi nyumbani. Hiyo sifanyii jokes. Nasema tu: asilimia 16 ikija na mlango wa mbele tunaiona. Asilimia 11 ikipitia kwa dirisha ya maziwa, hatuna hata meme.

Sasa cheki kitu inanibamba kwa hii story yote. Wazungu wako na engineers wa kufanya hii kazi. Hapo 2008 peanut butter ya Skippy kule Marekani ilitoka aunsi 18 ikashuka 16.3, na mtungi kwa shelf ulionekana ule ule. Walifanyaje? Walisukuma chini ya mtungi, ikaingia ndani. Ukiangalia kutoka mbele, mtungi ni huo. Ukiingiza kidole chini, kuna kishimo. Watu wakaandika makala, wakaita ni innovation.

Innovation ya wapi? Enda Gikosh, ama soko yoyote yenye wanapima na gorogoro. Chukua ule mkebe wa kilo mbili ugeuze. Kuna wale wa kupima na roho safi, wako, hatuwakosei. Na kuna wale mkebe wao umegongwa na jiwe hadi chini imefura kuelekea ndani. Halafu ana ile style ya kujaza: anamwaga maharagwe na kelele, anaweka kamlima juu, anaongeza ngumi moja ya bonus ukiangalia, anakuita customer. Wewe unaona mlima wa juu. Mlima wa chini umekaa kimya, umekula maharagwe yako. Hakuna degree. Hakuna meeting ya boardroom. Ni jiwe tu na nia mbaya. Skippy walikam kusomea huku, ni vile hawakusema.

Toblerone nao walichoma vibaya, hiyo ni 2016, Uingereza. Ile ya gramu 400 ikawa 360, ya 170 ikawa 150. Wakaamua kupanua nafasi kati ya pembe za chokoleti. Yaani unanunua mlima unauziwa bonde. Waingereza wakawasha moto, wee, hadi 2018 kampuni ikarudisha shape ya kitambo. Lakini hao ni wasee wako na wakati wa kulilia chokoleti. Wafaransa ndo nawapea heshima. September 2023 Carrefour huko kwao walibandika matangazo kwa shelf, hii bidhaa imepungua na bei haijapungua, wakataja hadi majina. Halafu kutoka 1 July 2024 ikawa sheria: supa yenye imezidi mita mraba 400 lazima iweke notice kwa miezi miwili ikiwa bidhaa imekatwa na bei ya kipimo imepanda. Jina hilo hilo la Carrefour liko hapa Kanairo, na hizo matangazo sijaona zikipanda ndege. Huku kwetu Sheria ya Vipimo, ile Cap 513, inataka paketi iseme uzito wake. Ikisema, imemaliza. Hailazimiki kukukumbusha jana ilikuwa ngapi. Kumbukumbu ni kazi yako, na wewe huwezi hata kumbuka PIN ya line ya pili.

Kuna tishu. Hii ndo inaniuma kabisa, ju ni kitu huwezi negotiate ukishakaa. Roll ya siku hizi ni nene kwa macho. Ishike uifinye. Imeingia, si ndio? Hiyo karatasi imepigwa maua na vidoti ndo ifure, kila tabaka linabeba hewa (narudi kwa hewa tena). Sasa ingiza kidole gumba kwa ile tube ya katikati. Kitambo kilikuwa kinakwama. Sai kinacheza, unaweza ingiza na cha jirani. Tube imenona, karatasi imekonda, na nje roll inajaza mkono vile vile. Halafu soma nyuma: imeandikwa sheets ngapi? Na kila sheet ina urefu gani? Kuna zenye hazisemi vizuri, kuna zenye zinasema na ni aibu. Kwetu kwa ploti mgeni akiomba tishu siku hizi anapewa imekatwa tayari, imekunjwa, ka barua.

Pads pia. Serikali ilitoa VAT kwa pads huko 2004, watu wakapiga makofi, fiti. Lakini geuza paketi uhesabu. Ziko za nane, ziko za saba. Siku za mwezi hazijapunguzwa na mtu yeyote. Na kuna madame wananunua moja moja kwa duka ya mtaa, kama tu vile watu wa mtoi wananunua pampers moja ya usiku, na hiyo moja ikizidishwa inapita bei ya paketi nzima. Msee akisikia hii akaanza kucheka, huyo si wa mbogi yetu.

Sasa kadogo. Wazee wa tai kwa TV wanapenda kusema vijana wa kadogo hawajui kupanga pesa. "Nunua kwa wingi, utaokoa." Ahsante sana, mzee. Nitanunua kwa wingi na wingi gani? Ganji ikiingia 150 jioni, huwezi ambia tumbo ingoje promo ya end month. Mimi nasimama na kadogo kwa kitu moja: haidanganyi. Mafuta ya mbao unayaona yakishuka kwa chupa yako, na ukiona yamekatwa mapema unasema, "Shopkeeper, aki ongeza." Nusu kitunguu unaona ni nusu. Nyanya mbili ni mbili. Chapo ya mbao ikiwa nyembamba hadi unasoma WhatsApp kupitia ndani, at least unaisoma kabla ulipe. Chipo ya soo ikikunjiwa khaki chini ndo ionekane imejaa, unamuona akikunja. Ukiibiwa, umeibiwa live.

Si ati ni cheap. Tuseme kilo ya sukari ni 160 na robo ni 45. Robo nne, 180. Umelipa mbao zaidi ju hukuwa na 160 kwa mpigo. Na khaki pia inawekwa kwa mizani. Tangu nailoni zipigwe marufuku August 2017 tumekuwa tukinunua sukari na karatasi, kwa bei ya sukari. Watu wa mazingira walishinda, hongera kwao, sisi tukaanza kukoroga chai ya khaki. Lakini bado hakuna mtu alinipigia New Look. Mama mboga hajawahi weka logo kwa nusu cabbage.

Na unajua wapi vitu zinakua badala ya kushrink? Shamba. Enda Kinangop msimu wa waru. Gunia ya mkulima inajazwa hadi mdomo, halafu inashonewa nyavu juu, inavalishwa mukurino, waru zinapanda hadi gunia inaanza kufanana na mtu amesimama. Broker analipa hiyo yote kama gunia moja. Regulations za 2019 zilisema gunia ya waru isizidi kilo 50, na bado mukurino inashonwa. Sasa fuata hiyo waru. Ikitoka shamba, kipimo kimetunishwa ndo mkulima aumie. Ikifika Kanairo, inakatwa vyembamba, inafungwa kwa paketi yenye nusu ni nitrojeni, kipimo kimekondeshwa ndo wewe uumie. Waru ni ile ile. Kuna msee katikati, na si mimi, na si wewe, na gari yake si probox.

Turudi kwa mambo ya maana, yaani kuonekana fiti.

Kitambo kusoma gramu kwa supa ilikuwa kuchoma picha. Hiyo ilikuwa tabia ya mafathe wa suruali ya kitambaa, wameshika miwani na mkono moja, mkebe na mkono mwingine, wamefunga njia ya trolley, wanapumua. Hakuna manzi angekubali kuwa na wewe aisle ya sabuni ukifanya hivo. Sai imegeuka. Calculator ya simu, bei gawa kwa gramu zidisha mia, unapata bei ya kila gramu mia, halafu unarudisha ile ya New Look kwa shelf polepole, bila kuiangalia. Polepole ndo style. Tag za supa zetu nyingi zinakupea bei peke yake, so hii hesabu ukiifanya haraka unaonekana mtu ako na inside information. Kuna dame hapa mtaani anaikokotoa na kichwa. Mbogi nzima inamuogopa na inamtaka.

Kuna size trap moja lazima niwape bure. Tumezoea kubwa ndo bei nafuu. Mara mob ni ukweli, lakini si kila saa. Kuna family pack nimepiga hesabu nikapata ndogo mbili ni cheap kuliko hiyo moja, na hiyo moja ndo imebandikwa VALUE na nyota ya manjano. Hiyo nyota ni mtoto wa New Look. Baba yake ni ule simba wa six-pack. Usiamini familia hiyo.

Sabuni ya mche pia angalia. Iko ya kilo, iko ya 800g, zote zinaitwa mche, zote zinakatwa vipande kwa duka. Kipande cha mche wa 800g kikiuzwa bei ya kipande cha kilo, nani atajua? Shopkeeper anajua. Muulize kwa upole, "Boss, hii mche ni ya ngapi?" Cheki venye atanyamaza.

Mbogi ya ploti yetu imeamua dawa. Tunachanga, kila msee soo tatu, tunashuka kwa wholesaler tunabeba jerican ya mafuta ya lita 20 pamoja, tunagawa na chupa za maji, kila mtu anaona mstari. Unga same, sabuni same. Mathe ameskia akasema hiyo ni ujinga, tutagombana. Mbuyu akasema mwaka wa 1987 mandazi ilikuwa haihitaji mafuta mengi. Tumewachorea.

Kimebaki kitu moja tu hatujaelewana: jerican italala kwa nani. Morio wa door 6 amejitolea haraka sana, ati kwake kuna space, ati yeye ni mtu wa kuaminika. Na kila mtu kwa hiyo corridor anajua harufu ya chipo yenye inatokanga door 6 saa saba usiku.